Uwele wa zambarau umeota kijani, nimepigwa au?

Kopo_na_Udongo:
Habari wakuu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Nilipata mbegu za uwele wa mapambo, ule unaoitwa Purple Majesty, kwenye picha ya pakiti ni zambarau iliyokolea mpaka inakaribia weusi, majani, bua, suke, vyote. Sasa nimesia kwenye vikopo hii wiki ya tatu, vimeota karibu vyote ila ni kijani tu, ukiniambia ni mahindi machanga sibishi. Nimeviweka ndani karibu na dirisha. Je niliuziwa uwele wa kawaida? Na jingine msinicheke, suke likikomaa linaliwa au ni la kuangalia tu?

BuaRefu:
Hujapigwa, tulia. Ule huota kijani, zambarau inaletwa na jua, na nikisema jua simaanishi mwanga wa dirishani, namaanisha jua la kuupiga mmea wenyewe kutwa nzima. Wangu niliuotesha pembeni ya ukuta, majani yaliyochungulia nje yakawa meusi ti na yale yaliyojificha kwa ukuta yakabaki na rangi ya ajabu ajabu, si kijani si zambarau. Vitoe nje taratibu, siku mbili tatu kivulini kwanza, usivitupe juani ghafla vikababuka.

Halafu hivyo vikopo ndo vinanitisha zaidi kuliko rangi. Uwele mizizi ikishazunguka kopo na kujibana unadumaa, unatoa kisuke kama mkia wa panya ukiwa na urefu wa goti halafu basi, hata ukiuhamisha baadaye haurudi tena. Ukipata nafasi unapita mita moja vizuri. Hamisha wiki hii.

Kula unaliwa, ni uwele uleule wa nafaka ambao watu wa Saheli wameulima maelfu ya miaka, huu umechaguliwa tu kwa sura, ndo uliochukua medali ya dhahabu ya All-America Selections, lile shindano la Marekani la mimea mipya ya bustani, mwaka 2003. Ila usitegemee debe. Na zile mbegu za kwenye pakiti kama zina rangi ya waridi au bluu ya kupakwa hiyo ni dawa, usizionje wala usiwape kuku.

mama_mbegu:
Naongezea kwenye mbegu maana najua kitakachofuata, utataka kutunza za msimu ujao. Huo ni chotara mdogo wangu, ukipanda mbegu zake watoto watatoka mchanganyiko, mwingine mrefu mwingine mfupi, wengine kijani moja kwa moja. Tena uwele unapenda kuzaa na jirani: ukiangalia suke kwa karibu utaona kwanza vinyuzi vyeupe laini vimejaa kama manyoya, huo ni upande wa kike, siku kadhaa baadaye ndo vinaning'inia vifuko vya chavua, ukiligusa asubuhi vumbi la njano linakujaa mkononi. Kwa hiyo kike kikiwa tayari chavua yake bado, inapokea ya mwenzake. Kama kuna uwele mwingine karibu na unataka mbegu safi, vika suke mfuko wa karatasi kabla vinyuzi havijatoka.

Ukitaka wa kuweka kwenye chombo cha maua kata kabla ya hilo vumbi, la sivyo meza yako yote njano.

Suke7:
Mnasahau wenye shamba, NDEGE. Punje ikianza kuwa na maziwa tu wanakuja, wananing'inia kwenye suke kichwa chini miguu juu, suke zima linabaki gunzi. Mimi niliacha kupigana nao, nimeupanda kwa ajili yao na mapambo ni wao wenyewe. Kama shida yako ni nafaka basi panda uwele wa nafaka, au ulezi, unajichavusha wenyewe na vile vidole vyake navyo vinapendeza tu, watu wanaudharau sijui kwa nini. Ukisaga mawele saga kidogo kidogo, yana mafuta, unga ukikaa unakuwa mchungu.

Kopo_na_Udongo:
Asanteni sana wote. Nimehamisha saba, wa nane nilimkata mizizi kwa haraka zangu. Vina siku ya tano juani leo, kile cha mwisho mshipa wa katikati ya jani umeanza kuwa zambarau kuanzia chini kwenye shina, kama umechorwa na kalamu. Mbegu za pakiti nimezicheki, ni za waridi kweli, na mbili nilishatafuna kuonja 😬

mama_mbegu:
Mbili?! Haya, kasukutue, na usirudie.