Nipo kampuni kubwa ya simu, Wajerumani wananitaka. Niache kazi?

Kijana wa Miamala: Wakuu, heshima kwenu. Ni mhandisi wa programu kwenye kampuni kubwa ya simu hapa Dar, upande wa miamala ya pesa. Bima ya familia ipo. Shida ni usiku: muamala ukikwama saa nane, simu inalia kwangu. Sasa kampuni ndogo ya Ujerumani inanitaka, nifanyie nyumbani kwa euro. Silali kwa mawazo.

Shangazi Mbagala: Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mume wangu aliacha kazi bandarini kwa ahadi za rafiki, tukaishia kwa wakwe. Mkeo anasemaje?

Mzee wa Hesabu: Wajerumani hawatakuchangia pensheni ya NSSF. Sasa unakatwa asilimia 10, mwajiri anajazia ifike 20. Huko utachangia kwa hiari, na kodi utaipeleka TRA mwenyewe. Umeshaanza kuwafanyia?

Kijana wa Miamala: Sijasaini kitu, mkuu.

Mzee wa Hesabu: Sijakuuliza saini.

Kijana wa Miamala: Nimeanza, usiku tu. Kazi ya ofisi haijalala hata siku moja. Natumia laptopu ya ofisi kwa kuwa yangu imekufa, ila muda ni wangu.

Binti Sheria: Kaka, hapo umejifunga. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kazi uliyoitunga ndani ya ajira ni ya mwajiri, mkataba usiposema vingine. Mashine yao inawapa pa kuanzia kudai. Acha kuitumia leo.

Mlokole Tabata: Mabwana wawili, ndugu. Utamdanganya mmoja.

Fundi Redio: Chai hii! Kampuni za simu hata flashi huchomeki. Wewe umewekaje programu za Wajerumani?

Kijana wa Miamala: Sisi waandishi wa programu tunapewa ruhusa za juu kwenye mashine, bila hizo hatujaribu chochote. Wa mauzo ndio wanaofungiwa.

Fundi Redio: Na tangawizi imo.

Binti Sheria: Hata kama ni chai, wanaosoma yapo yanayowahusu. Kaka, wa mshahara wa mwezi anatoa notisi ya siku 28.

Kijana wa Miamala: Nipo likizo. Naweza kuituma kwa baruapepe leo?

Binti Sheria: Sheria ya Ajira ya 2004 hairuhusu notisi ndani ya likizo. Subiri urudi. Barua umeshaiandika, siyo?

Kijana wa Miamala: Ipo tayari, dada.

Shangazi Mbagala: Mkeo hujamjibia.