Meza ya bure Guanggu: nisaini au nisubiri?

Kutoka: Neema, Wuhan

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za masiku.

Namaliza masta mwezi wa sita hapa Wuhan, uhandisi wa mwanga. Kazi yangu ya tasnifu ni kijiti chenye uzi wa kioo wa kupitisha mwanga ndani yake. Unakichoma kwenye gunia la mahindi kama bambo la wanunuzi wa mazao, kinakusomea unyevu papo hapo. Profesa amekipenda, na kuna kituo atamizi, vile vinavyolea kampuni changa, kwenye kongani (eneo la pamoja la makampuni) ya teknolojia ya Guanggu hapa Wuhan, ambacho kimeniita. Wananipa meza bila kodi kwa mwaka mmoja, anwani ya kusajilia kampuni, na mtu wa kunisaidia makaratasi. Wao wanataka niwe nimesajili kampuni kabla mwezi wa tano haujaisha, na niombe hataza (haki ya uvumbuzi) angalau moja.

Dada anayenishughulikia ameniambia mtaji niandike yuan milioni moja, eti inapendeza na hakuna atakayeudai. Kibali changu cha mwanafunzi kinaisha mwezi wa saba. Nyumbani wanasema rudi, kwani hata Dar kuna kituo atamizi cha DTBi pale COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mimi nasita kuiacha maabara niliyonayo hapa.

Aliyepita njia hii anishauri tafadhali.

Kutoka: Salum, Shenzhen

Marahaba Neema, na hongera kwa kufika hapo.

Naanza na mtaji maana huo ndio utakaokuumiza mapema. Huyo dada anakupa habari za zamani. Tangu tarehe 1 Julai 2024, sheria mpya ya makampuni ya China inamtaka mwenye hisa alipe mtaji wote aliouandikisha ndani ya miaka 5 tangu kampuni isajiliwe. Ukiandika milioni moja, ujue unadaiwa milioni moja na kampuni yako mwenyewe, na ikifilisika wadai watakufuata wewe kwa kile ambacho hujakilipa. Kima cha chini kwa kampuni za kawaida kiliondolewa tangu 2014, kwa hiyo andika kiasi unachoweza kukitoa mfukoni kweli. Kupendeza tuwaachie maharusi.

Halafu kibali. Ukiwa bado na kibali cha mwanafunzi usiende kukaa kwenye hiyo meza na kuanza kazi. Hata mafunzo ya vitendo nje ya chuo yanataka chuo kikubali na uhamiaji waandike kwenye kibali chako. Usipofanya hivyo, sheria ya uhamiaji iliyoanza 2013 inahesabu hiyo ni kazi haramu: faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na ikionekana nzito, siku 5 hadi 15 mahabusu. Watu wa kituo hawatakuambia haya, na wala si kwa roho mbaya. Kwao wewe ni mjasiriamali. Kwa polisi bado ni mwanafunzi.

Njia halali ipo. Kuanzia Agosti 2019, mgeni aliyepata shahada kwenye vyuo vyao teule na anayebaki kwa ajili ya ubunifu au kuanzisha biashara anaweza kuomba kibali cha kuishi cha shughuli binafsi, cha miaka 2 hadi 5. Unapeleka cheti cha kuhitimu pamoja na ushahidi wa mradi, na hapo ndipo barua ya kituo atamizi ina thamani kuliko meza yenyewe. Hakikisha chuo chako kimo kwenye orodha ya wakuu wa uhamiaji wa Wuhan, na kaulize wewe mwenyewe dirishani. Ikishindikana, mwenye masta ya China anaweza kuajiriwa ndani ya mwaka mmoja wa kuhitimu bila ile miaka miwili ya uzoefu, mradi wastani wake usiwe chini ya 80. Utaratibu huo ni wa tangu 2017.

Sasa, kwa nini wakupe meza bure? Hili wengi wetu hatuulizi, tunafurahia mashine ya kahawa. Vituo hivi vinapimwa. Kanuni za 2018 za kutambuliwa ngazi ya taifa zilitaka kituo kiwe na eneo la mita za mraba 10,000, mfuko wake cha chini yuan milioni 5, kampuni zisizopungua 50 ndani, nusu yake ziwe zimeomba hataza, au asilimia 30 ziwe tayari na haki ya ubunifu, na zilizohitimu zisipungue 20. Kwa kawaida kampuni haikutakiwa kulelewa zaidi ya miezi 48. Sasa unaona sharti lao la hataza limetokea wapi, na kwa nini wana haraka ya mwezi wa tano. Jina lako ni mstari kwenye fomu yao, na mgeni ni mstari unaong'aa.

Hapo hakuna wizi, ni biashara ya kupeana. Ila nawe jua unachouza, ukidai cha maana. Mimi ningedai kwa maandishi mhasibu wa mwaka wa kwanza, barua ya uhamiaji, na anwani iendelee kuwa halali hata muda wa meza ukiisha. Hiyo anwani usiidharau. Kuna kijana tunayefahamiana ambaye kituo chake (nakihifadhi jina) kilihama jengo bila kumwambia. Barua ya serikali ikaenda kwenye anwani ya zamani, haikupokewa, kampuni ikaingizwa kwenye orodha ya "hawapatikani". Benki ikamfungia akaunti wiki ile ile mteja wake wa kwanza alipotaka kulipa. Kujinasua ilibidi apate mkataba wa pango wa ofisi mpya, aende kwa mguu ofisi ya usimamizi wa soko, na mteja akawa ameshapoa.

Ukisajili, kuna hesabu za kodi za kupeleka hata kama hujauza kitu, na taarifa ya mwaka kati ya 1 Januari na 30 Juni. Ukichoka, usiiache kampuni ukapanda ndege. Mwakilishi wa kisheria wa kampuni inayodaiwa kodi anaweza kuzuiwa kutoka nchini. Ifunge rasmi, ingawa kuifunga kunachosha kuliko kuifungua.

Kutoka: Mama Faraja, Cyberjaya

Mwanangu Neema, mimi si mtu wa maabara, nitasema nililoliona huku Malaysia.

Mji huu ulikuwa mashamba ya michikichi. Mwaka 1996 serikali ya Mahathir ikatangaza ukanda wake wa multimedia, misamaha ya kodi na kila kitu, Cyberjaya ikazinduliwa 1999. Barabara pana, nyaya chini ya ardhi. Lakini sehemu kubwa ya ajira zilizokuja zikawa za ofisi za kampuni kubwa za nje: kupokea simu za wateja, kuingiza hesabu, kutunza seva. Ni ajira halali na zimelisha watu, hata wetu wanaojua Kifaransa na Kiarabu wamezipata. Ila huwezi kwenda ghorofa ya chini ukamkuta mtu anayetengeneza kile unachokihitaji.

Kwa hiyo usiangalie jengo. Panda lifti, soma majina milangoni. Na kula vizuri, umekonda kwenye ile picha ya Iddi.

Kutoka: Otieno, Daejeon

Niongeze ya Korea, na nimpinge Salum kidogo.

Ndugu yangu Salum anaongea kana kwamba kongani ni karatasi tu. Hapa Daejeon, mji wa sayansi wa Daedeok uliamuliwa 1973, na kwa zaidi ya miaka 20 ulikuwa taasisi za utafiti za serikali zilizopandwa kati ya vilima. Kampuni zilizotoka humo zilikuwa za kuhesabu. Mtu angesema pesa imepotea. Halafu msukosuko wa fedha wa 1997 ukapiga, watafiti wakapunguzwa kazi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria maalumu ya kampuni changa. Watu waliokuwa wamefuga ujuzi kwa miaka mingi wakatoka nao. Bila ile subira ya kwanza wangetoka na nini?

Nalisema hili kwa sababu sisi Wakenya tuna Konza, mji wetu wa teknolojia. Ekari 5,000, Kibaki aliweka jiwe la msingi Januari 2013, na kila Mkenya ana mzaha wake kuhusu pale, swala na uzio. Lakini Korea imekopesha pesa za kujenga pale taasisi ya sayansi kwa mfano wa KAIST, chuo changu cha hapa. Nimewasikia maprofesa wa hapa wakiulizwa Konza itazaa lini, wakacheka, si kwa dharau. Wanajua hesabu yake.

Neema, kama Wuhan itakataa, Korea ina viza ya kuanzisha biashara ya teknolojia, D-8-4, inayoendeshwa kwa pointi: shahada, hataza, mafunzo ya ujasiriamali unayosomea hapa hapa. Kuna ya maandalizi pia, D-10-2. Hataza inabeba pointi nyingi, kwa hiyo angalia hataza yako itakuwa kwa jina la nani.

Kutoka: Asha, Hsinchu

Otieno amegusa penyewe kisha akapita. Hataza!

Neema, kifaa umekitengeneza kwenye maabara ya profesa, kwa leza za chuo, labda kwa pesa ya mradi wake. Sheria ya hataza ya China inasema uvumbuzi uliofanyika kwa kazi ya taasisi, au kwa kutegemea hasa vifaa vya taasisi, ni mali ya taasisi. Wewe unabaki mvumbuzi kwa jina. Kwa mwanafunzi mambo mengi yanategemea ulichosaini ulipoingia maabara, kwa hiyo kitafute hicho kikaratasi leo. Ukiomba hataza kupitia kituo atamizi halafu chuo kikaja kudai, utakuwa na ugomvi na profesa ambaye ndiye mdhamini wako mkubwa kuliko wote. Mwendee kabla. Omba chuo kiipe kampuni yako leseni, au muandikiane mgao.

La pili linawapata wengi kwa kutojua. Uvumbuzi uliokamilika ndani ya China lazima upite ukaguzi wa usiri kwao kabla hujauombea hataza nje. Ukikimbilia ARIPO, shirika la hataza la kanda ya Afrika kule Harare, kwanza ili upate Tanzania na Kenya kwa ombi moja, China inaweza kukunyima hataza moja kwa moja. Omba ukaguzi, subiri, ndipo upeleke nje. Na mahindi yako yako wapi? Yako kwenye maghala ya Songea na Eldoret, sio Hubei. Ombi la nyumbani lina thamani kuliko la huko.

Kuhusu ubishi wa Otieno na Salum, mimi naishi kando ya kongani ambayo kila mtu anataka kuiga. Kongani ya Hsinchu, hapa Taiwan, ilifunguliwa Desemba 1980. Kabla yake kulikuwa na taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI, ya 1973, iliyotuma vijana Marekani kujifunza kutengeneza chipu, na kampuni ya chipu ya UMC ikazaliwa humo, kisha TSMC mwaka 1987. Wageni wanapiga picha viwanda. Mimi ningewapeleka kwenye shule. Mwaka 1983 walijenga ndani ya kongani shule ya lugha mbili, kwa sababu wahandisi waliokuwa California walikuwa tayari kurudi ila watoto wao hawakujua kusoma Kichina. Serikali iliyofikiria mtoto wa mhandisi atasomea wapi ilikuwa imeelewa kazi yake. Nikisoma mipango ya kongani zetu nyumbani natafuta mstari wa shule, siuoni. Naona lango na chemchemi.

Ila msiigeuze kuwa peponi. Mwaka 2021 kulipokuwa na ukame mkali, mashamba ya mpunga maeneo haya yalikatiwa maji ya umwagiliaji, wakulima wakalipwa fidia waache kulima, na malori ya maji yakawa yanaingia viwandani. Mwenye nyumba wangu ana jamaa wakulima. Ukimtajia kongani anabadilisha mazungumzo.

Kutoka: Salum, Shenzhen

Otieno, sijasema ni karatasi tu. Nasema anayeingia na pasipoti ya kigeni aanzie kwenye karatasi, historia ataisoma akiwa na kibali. Na kwa Guanggu historia ipo: kituo atamizi cha kwanza cha China kilifunguliwa huko huko Wuhan, Donghu, mwaka 1987, mwaka mmoja kabla Beijing haijazindua programu yake ya Mwenge ya kusambaza kongani nchi nzima. Na uzi wa kwanza wa kioo wa nchi hii, Zhao Zisen na wenzake waliuvuta hapo mwaka 1976, kwenye chumba cha kuoshea kilicho kando ya choo cha taasisi. Kwa kazi ya Neema, mafundi wa nyuzi za kioo wako mtaa wa pili. Hiyo ndiyo sababu ya kubaki, sio meza.

Asante Asha kwa la ukaguzi wa usiri. Nilikuwa sijalisikia.

Kutoka: Neema, Wuhan

Nimewasoma wote mara mbili, Mwenyezi Mungu awabariki. Mama Faraja, nimekula.

Nimeenda kwa profesa. Kile kikaratasi kipo, nilikisaini mwaka wa kwanza, na kinasema hataza ni ya chuo. Hakukasirika. Amesema ofisi ya uhamishaji wa teknolojia ya chuo inatoa leseni kwa wanafunzi na atanisindikiza wiki ijayo. Kituo nimekiambia sitasajili kabla ya kupata cheti, na mtaji nitaandika laki moja. Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema atamuuliza bosi kama wanaweza kunisogeza hadi robo ya tatu ya mwaka. Nadhani wanaihitaji ile namba ya 50.

Milango nimeisoma. Ghorofa ya nne kuna jamaa wanaopima joto la transfoma kwa nyuzi za kioo. Wamenionyesha jinsi wanavyofunga ncha ya uzi kwa gundi isiyopitisha maji, jambo lililonitesa tangu mwaka jana, na wameniuzia kichupa chake.

Nabakiwa na ombi moja: mwenye kumjua mhasibu wa Wuhan aliyezoea kampuni za wageni anitumie mawasiliano pembeni, sio humu. Na kama kuna mtu anasafiri kuja huku kutoka Songea au Mbeya, naomba kilo mbili za mahindi ya ghalani. Haya ya dukani huku yamekaushwa sana, hayafai kwa kipimo. Aulize kwanza masharti ya karantini ya mimea, nisije nikamtia mtu matatani uwanja wa ndege.

Kutoka: Mama Faraja, Cyberjaya

Nafaka mbichi hawaruhusu kuingiza bila vibali, usimtume mtu. Mwambie profesa wako aombe kwa jina la maabara.

Kutoka: Asha, Hsinchu

Mhasibu nimekutumia pembeni. Ni wa Hankou, anaongea Kiingereza, na atakuuliza kuhusu mtaji kabla hujakaa.