Poulsen yupi? Wachambuzi acheni kuchanganya watu wenye majina yanayofanana, mnapora historia!

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo muda mrefu, leo naitoa. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za usajili, una jambo lake.

Wiki hii mchambuzi wa redio moja, simtaji, katamka hewani bila kusita kwamba kocha Kim Poulsen ndiye aliyetupa Kombe la Chalenji, lile la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2010. Wenzake mezani wakaitikia. Kufika jioni kauli imeshasambaa kwenye kurasa za michezo, picha ya Kim juu yake, na kila aliyejaribu kusahihisha akajibiwa: "Poulsen ni Poulsen, unataka nini?"

Nataka apewe mwenye nacho. Kombe lile ni la JAN Poulsen. Huyo ndiye aliyekuja kuinoa timu yetu ya taifa 2010 baada ya kocha Márcio Máximo. Septemba mwaka ule akatupeleka Algeria tukatoka sare ya 1-1 ugenini, bao la Abdi Kassim, matokeo ambayo hakuna aliyeyategemea. Desemba 12 Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara, ikaifunga Ivory Coast 1-0 pale Uwanja wa Taifa, penalti ya Shadrack Nsajigwa. Bara ilikuwa haijalishika kombe hilo tangu 1994! Miaka 16! Halafu leo unamnyang'anya mtu kazi kama ile kwa sababu ya uvivu wa kusoma herufi tatu za jina lake la kwanza?

Kim ni mtu mwingine. Alianza na timu za vijana, akakabidhiwa Taifa Stars Mei 2012. Na Kim ana yake, tena mazito. Desemba 2012 tuliifunga Zambia 1-0 wakiwa ndio mabingwa wa Afrika, bao la Mrisho Ngassa. Machi 2013 tukaipiga Morocco 3-1 hapa hapa Dar, Samatta mawili na Ulimwengu moja. Mwaka 2014 akaondoka, akaja kocha Mart Nooij. Mwaka 2021 Kim akarudi tena, akakaa hadi 2022. Rekodi yake inajitosheleza, hana haja ya kombe la mwenzake.

Haya, kuna hili la Yussuf Poulsen, mshambuliaji wa Denmark. Nimesoma kwa macho yangu watu wazima wakibishana kwamba ni mtoto wa kocha Kim, eti "ndiyo maana ana damu ya Tanzania". Jamani! Damu ya Tanzania anayo kwa baba yake, Shihe Yurary, mtu aliyetoka Tanga, aliyefariki kwa saratani Yussuf akiwa na miaka sita tu. Poulsen ni jina la upande wa mama. Kijana kazaliwa Copenhagen 1994, kakulia huko huko, na alipofika Kombe la Dunia 2018 aliomba mgongoni mwa jezi yake pasomeke YURARY ili amuenzi baba yake. Akiwa na jezi hiyo akawafunga Peru bao pekee la mchezo. Mtu kaandika jina la marehemu baba yake mbele ya dunia nzima, na nyie mnamtafutia baba mwingine kwa vile tu majina yamegongana! Hili ndilo limeniuma kuliko lile la kombe, maana hapa tunamfuta Mtanzania mwenzetu.

Na akina Poulsen hawaishii hapo. Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini, kikosi cha Denmark kilikuwa na watatu: Christian, Jakob na Simon. Mpira uliowagharimu dhidi ya Uholanzi aliupiga kichwa Simon, ukamgonga Daniel Agger mgongoni ukaingia wavuni. Christian, yule aliyetemewa mate na Totti wa Italia mwaka 2004 na baadaye akacheza Juventus na Liverpool, hakuhusika kabisa. Lakini nenda katafute habari za Kiswahili za mechi ile uone aliyebebeshwa lawama ni nani.

Tuelewe kwanza majina haya yalifikaje hapo. Denmark ya zamani mtoto alibeba jina la baba yake: wa Poul akawa Poulsen, wa Jens akawa Jensen, na mjukuu akabadilika tena, kama kwetu Ally Juma anavyomzaa Hamisi Ally. Mwaka 1828 ikatoka amri kwamba mtoto abatizwe na jina la ukoo la kudumu. Ilichukua muda watu kuifuata, lakini mwishowe majina ya baba yaliyokuwepo yakaganda yakawa ya ukoo. Ndiyo maana nchi ile ina Jensen, Nielsen, Hansen na Poulsen kila kona, wasio na undugu wowote. Sweden walichelewa zaidi, sheria yao ya majina ya ukoo ni ya 1901. Jeshini kwao ilibidi kila askari apewe jina la pili, fupi, la kama Rask au Modig, kwa sababu huwezi kuita "Andersson!" kwenye kikosi wakaitika kumi.

Wenyewe wanajua kutofautishana. Denmark ilipata mawaziri wakuu watatu mfululizo wenye jina Rasmussen, Poul Nyrup kuanzia 1993, Anders Fogh kuanzia 2001, Lars Løkke kuanzia 2009, na hawakuwa ndugu. Wananchi wakawaita Nyrup, Fogh na Løkke. Basi, mambo yakaisha. Sisi tunashindwa nini kusema Jan na Kim?

Uvivu huo huo ndio unaompa Henrik Larsson wa Sweden mabao ya Henrik Larsen wa Denmark. Larsson, mwenye -sson, ni yule wa Celtic, aliyeingia fainali ya Ligi ya Mabingwa 2006 akaibadilisha mechi kwa ajili ya Barcelona. Larsen, mwenye -sen, ndiye aliyewafunga Uholanzi mawili kwenye nusu fainali ya Euro 1992, mwaka Denmark walipobeba kombe. Nchi mbili, watu wawili, herufi zipo wazi, someni!

Sasa nifike kwenye lililonifanya nifungue uzi. Allan Simonsen.

Juni iliyopita ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi uliweka kumbukumbu ya "mshindi wa Ballon d'Or aliyefariki kwa ajali ya gari Le Mans". Picha ya mchezaji, rambirambi chini yake mpaka basi, watu wanaandika "pumzika gwiji". Nikaandika maoni mara ya kwanza, yakafutwa. Nikaandika tena, nikafungiwa.

Aliyefariki ni Allan Simonsen dereva wa mbio za magari, mzaliwa wa Odense, 1978. Juni 22, 2013, mbio za saa 24 za Le Mans zikiwa zimeanza dakika chache tu, Aston Martin yake namba 95 ilitoka njiani kwenye kona ya Tertre Rouge ikagonga ukuta wa chuma. Alikuwa na miaka 34. Ilikuwa tangu 1986 dereva hajafa kwenye mbio zenyewe, na timu yake iliendelea na mbio kwa ombi la familia yake. Huyo ndiye anayestahili kukumbukwa kila Juni, kwa sura yake na kazi yake.

Mchezaji ni mwingine kabisa, wa Vejle, kazaliwa 1952. Mfupi, mwepesi, alichukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, ya 1977 akiwa Borussia Mönchengladbach, na mpaka leo hakuna Mdenmark mwingine aliyeichukua. Alifunga kwenye fainali ya Kombe la Ulaya 1977 dhidi ya Liverpool, akafunga kwenye fainali za Kombe la UEFA, na mwaka 1982 akafunga kwenye fainali ya Kombe la Washindi akiwa Barcelona. Mnamzika mtu wa hadhi hiyo kwa ajali ambayo hakuwemo, na marehemu mwenyewe mnamnyima hata picha yake. Dereva yule ana wazazi, ana marafiki, wanaofungua mtandao wakaona jina la mtoto wao limebandikwa sura ya mtu mwingine. Mnaijua aibu hiyo?

Nawaambia wenye kurasa na wachambuzi: jina la kwanza liandikwe kila mara. Mwaka wa kuzaliwa uwekwe. Kabla hujabandika picha, linganisha mchezo na umri. Na ukikosea, futa, weka sahihisho juu kabisa ya ukurasa, usimfungie aliyekusahihisha.

Wadau, mnaojua wengine wa Skandinavia wenye majina pacha wekeni hapa, jina, mwaka, kazi, ili tuwe na pa kuwaelekeza watu. Naanza mimi. Jesper Olsen wa 1961, winga wa Ajax na Manchester United, aliyefunga penalti kisha akatoa pasi mbovu ya nyuma Denmark ilipofungwa 5-1 na Hispania 1986; Jesper Olsen wa 1971, mkimbiaji aliyezunguka dunia kwa miguu 2004 hadi 2005, kama kilomita 26,000. Morten Olsen wa 1949, nahodha kisha kocha wa Denmark 2000 hadi 2015; Morten Olsen wa 1984, mpira wa mikono, dhahabu ya Olimpiki Rio 2016. Endeleeni.