Mama ana ugonjwa wa macho, makula kavu, wanatuomba dola 6,000 za seli shina: tufanye nini?

MtotoWaKatuba
Jambo yenu, ndugu. Mama ana miaka 74, tuko Lubumbashi. Dokta wa macho alisema makula, yaani sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), imechakaa macho yote mawili, aina kavu. Pembeni anaona, lakini uso wa mtu aliye mbele yake umefunikwa na kivuli, na Biblia hasomi tena. Kliniki moja ya ng'ambo inaomba dola 6,000: wanavuta mafuta tumboni, wanatoa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine), wanadunga macho yote mawili siku moja. Wanasema ni jaribio. Mjomba naye anataja chipu ya kuweka ndani ya jicho. Tuchague lipi?

Kasapa_Retina
Yaya, msitoe hata franka moja. Jaribio la kweli halimwuzii mgonjwa dawa. Lina namba ya usajili na karatasi ya ridhaa inayotaja kamati ya maadili, na huanza na jicho moja, lile baya zaidi. Macho mawili siku moja ndiyo alama inayonitisha kuliko bei. Florida, mwaka 2015, wanawake 3 wenye ugonjwa huu walidungwa hivyohivyo, wakalipa dola 5,000 kila mmoja. Retina zilibanduka, nyingine zikavuja damu, wakabaki karibu vipofu. Inadhaniwa seli zile ziligeuka kovu, na kovu linaponywea huvuta retina.

Chipu ya mjomba ni PRIMA. Ina milimita 2 kwa 2 na pikseli 378. Hulazwa chini ya retina, na miwani yenye kamera huirushia picha kwa miali ya infraredi. Matokeo yaliyotolewa Oktoba 2025: waliowekewa walikuwa 38, waliofikisha mwaka mmoja walikuwa 32, na 26 kati yao walisoma herufi ndogo kuliko mwanzo, baada ya mazoezi ya miezi. Hairudishi macho ya zamani.

Optika_Kamalondo
Kuna sindano mbili za aina kavu iliyofikia hatua ya mwisho, pegcetacoplan na avacincaptad, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2023. Hupunguza kasi ya doa kupanuka, basi, kilichokufa hakifufuki. Hudungwa kila mwezi au miwili, na zenyewe zinaweza kuamsha aina ya pili ya ugonjwa, ya maji. Safari za namna hiyo kutoka huku zitawamaliza.

MtotoWaKatuba
Asante. Tangu wiki mbili mama anasema fremu ya mlango imepinda, jicho la kuume. Ni ile kavu inaendelea?

Kasapa_Retina
Hapana, usingoje! Mstari ulionyooka ukionekana umepinda ghafla, fikiria aina ya maji: mishipa mipya inavuja chini ya makula. Hiyo ina dawa iliyothibitishwa, na kila wiki inayopita inaacha kovu. Mpeleke kesho apigwe picha ya OCT, inayoonyesha tabaka za retina. Wakikuta maji, ulizia bevacizumab, sindano ya jicho ya kuzuia mishipa hiyo: miligramu 1.25 ndani ya mililita 0.05, mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, kisha kulingana na picha. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2013, na bei yake ni nafuu kuliko ya wenzake.

Uliza mambo mawili bila haya. La kwanza, frigo: dawa hukaa nyuzi 2 hadi 8, sasa umeme ukikatika usiku inalindwa na nini? La pili, kichupa kimoja hugawanywa sindano nyingi. Nani aliigawa, na kwa usafi gani? Mdudu akiingia hapo, wagonjwa wote wa siku hiyo wanaambukizwa. Jicho lioshwe kwa povidone-ayodini ya 5% (dawa ya kuua vijidudu), sindano iingie milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Damu kidogo kwenye weupe si kitu. Maumivu yanayozidi, wekundu na ukungu ndani ya siku chache: rudi siku hiyohiyo, hata Jumapili.

Optika_Kamalondo
Jicho la kushoto lichungeni kila asubuhi. Chora mraba wa sentimita 10, miraba midogo ya milimita 5, nukta katikati. Avae malineti (miwani) ya kusomea, karatasi iwe sentimita 30 hivi, afunike jicho moja, atazame nukta tu. Mistari ikipinda au kukatika, andikeni tarehe mwende. Watu wengi hukosea kwa kupima macho yote wazi: jicho zima linaficha lile bovu.

MtotoWaKatuba
Kesho saa moja asubuhi tunatoka.