Wazazi Darasa la Sita: suala la ruhusa ya chooni

Mama Zuhura, saa 1:05 usiku
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu hadi mwisho kisha ajibu, kwa maana ule wa juzi mliusoma karibu wote na akajibu mmoja tu. Watoto wameambiwa kwamba hakuna kutoka darasani kwenda chooni hadi kengele ya mapumziko, na leo mmoja wao amerudi nyumbani akiwa amejifunga sweta kiunoni. Sitamtaja. Napendekeza tumwone Mwalimu Mkuu Jumatatu saa 2 asubuhi, nami nahitaji wazazi watano.

Mama Zuhura, saa 1:48 usiku
Naona mmeshasoma.

Baba Rehema, saa 1:55 usiku
Nitakuja iwapo bosi wangu ataniruhusu kutoka, kwa sababu hata huku kazini tunanyoosha mkono kwanza.

Baba Kelvin, saa 1:57 usiku
Kelvin wangu hubanwa kila somo la hisabati linapoanza, na hupona papo hapo wanapoitwa uwanjani. Mwalimu naye tumwonee huruma.

Mama Zuhura, saa 1:59 usiku
Baba Kelvin, mtoto mmoja anayejisingizia hawezi kuwa sababu ya kuwaadhibu wote waliobanwa kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza mtoto kupewa adhabu inayomdhalilisha. Choo hakikutajwa humo, lakini kumwacha mtoto ajikojolee mbele ya wenzake sijui tukuite nini kingine.

Mama Neema, saa 2:10 usiku
Naongezea kama muuguzi. Mtoto anayezoea kubana mkojo yuko katika hatari ya kupata maambukizi ya njia ya mkojo, hasa msichana, na anayebana haja kubwa huishia kupata choo kigumu. Wajanja wao hutafuta dawa yao wenyewe: hawanywi maji kutwa nzima, jambo ambalo katika joto hili ni balaa jingine. Isitoshe, mabinti wa umri huu wameanza kuvunja ungo, na sijui ni yupi atakayesimama mbele ya wavulana kueleza kwa nini hawezi kusubiri kengele.

Baba Hamisi, saa 2:21 usiku
Nikiwa mjumbe wa kamati ya shule, naomba tusimbebeshe mwalimu mzigo wote. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana wetu wana matundu manne, yaani yanayowatosha 80, na nyote mnajua idadi yao inavyozidi hapo. Wakiruhusiwa kutoka wakati wowote, foleni itameza kipindi chote cha dakika 40.

Mama Grace, saa 2:24 usiku
Kwa kuwa matundu yametajwa, naomba nikumbushwe ile mifuko ya saruji iliko.

Baba Hamisi, saa 2:25 usiku
Mama Grace, hilo lilijibiwa kikaoni.

Mama Grace, saa 2:26 usiku
Lilijibiwa katika kikao mlichokifanya nikiwa msibani. Shimo lingali wazi hadi leo.

Baba Kelvin, saa 2:28 usiku
Yule mbuzi ndiye pekee aliyewahi kuingia humo bila kuomba ruhusa.

Mama Zuhura, saa 2:29 usiku
Tafadhalini! Nimeomba majina matano.

Mzee Zakaria, saa 3:02 usiku
Nimewasoma. Nilishika chaki tangu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na sikumwona mtoto aliyefeli kwa sababu ya kwenda chooni, ila nimewaona walioacha shule kwa aibu ya siku moja. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake humtambua anayekimbia hisabati bila kuwafungia mlango wengine. Mwombeni amri hiyo aiondoe kwanza, ndipo mzungumze habari za foleni. Hamisi, utakuja na daftari la saruji.

Baba Hamisi, saa 3:20 usiku
Shikamoo, Mzee. Nimesikia.

Mama Zuhura, saa 3:22 usiku
Ahsante sana, Mzee wetu. Basi Jumatatu tupo mimi, Mama Neema na Mama Grace. Wengine wawili?

Baba Rehema, saa 3:41 usiku
Jumatatu nimenyimwa ruhusa. Je, Jumatano haiwezekani?

Mama Neema, saa 3:43 usiku
Jumatano niko zamu.

Mama Upendo, saa 4:36 usiku
Poleni kwa kuchelewa kujibu. Mtoto aliyejifunga sweta ni wangu, na amesema Jumatatu haendi shule. Naomba kujua kama Mwalimu Mkuu amekwisha kuarifiwa kwamba mnakuja, ili nami nijue la kumwambia mwanangu.

Mama Zuhura, saa 4:40 usiku
Pole sana, mama. Nilidhani Baba Hamisi ndiye atakayempigia, kwa kuwa yumo kwenye kamati. Baba Hamisi, bado uko hewani?