Dole gumba linauma nikisuka, mazoezi gani yanafaa?

MsukaUkili: Habari zenu ndugu. Nasuka mikeka. Shina la gumba la kulia, pale juu ya kifundo cha mkono, linachoma kila nikibana ukili. Daktari kasema gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, imelika. Nifanye mazoezi gani yasiyozidisha maumivu? Kazi hii siiachi.

FizioTanga: Pole sana mama. Kwanza loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu. Halafu pinda gumba na vidole kama umeshika glasi; kiungo cha katikati cha gumba kisibonyee ndani. Shikilia kidogo, legeza, rudia. La pili ndilo ninalolipenda zaidi: sukuma kidole cha shahada kuelekea upande wa gumba huku mkono wa pili ukikizuia. Msuli unaosukuma kidole hicho ndio unaoshikilia shina la gumba lisiyumbe. Kuminya mpira kwa nguvu acha kabisa.

MsukaUkili: Na likiuma baadaye?

FizioTanga: Likiuma hadi kesho yake, punguza.

MjukuuWaBibi: Shikamoo mama. Bibi yangu kaviringisha kitambaa kwenye mpini wa kisu ukawa mnene, na vifuniko anafungua kwa kiganja. Mazoezi bila hayo hayakumsaidia.