Je, asiyekuja uwanjani anaweza kuitwa shabiki? Mjadala wa wapenda mpira wa Lubumbashi

Wa Katuba anafungua

Wazee wangu, ndugu zangu na vijana wetu, mimi wa mtaa wa Katuba naleta mbele yenu swali lililotugawa Jumapili iliyopita tulipokuwa tukitoka uwanja wa Kibassa Maliba. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, kwa kuwa ameifuata timu ya Lupopo tangu kabla sijazaliwa, alisema mbele ya vijana kwamba mtu asiyekata tike hana haki ya kutamka neno «ekipe yetu», yaani timu yetu, na kwamba wanaofuata mechi redioni au kwenye simu ni wapita njia tu. Vijana wawili waliokuwa nasi, ambao siku hiyo walikuja kwa tike za kununuliwa na wengine, waliinamisha vichwa. Mimi nilijibu kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa mbele ya mzee. Leo nataka kusema jambo lile lile kwa utulivu: uaminifu wa shabiki haupimwi mlangoni mwa uwanja.

Mimi ni mtu wa Lupopo kwa kuzaliwa. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, na katika nyumba ya mtu wa reli wakati ule mtoto hakuchagua timu, kama asivyochagua jina la ukoo wake. Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba mji wetu wa Lubumbashi, hapa Kongo, una timu mbili kubwa, na zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Moja ilianzishwa na watawa wa Kibenedikto, ikapita katika majina kadhaa, likiwemo Englebert, jina la kampuni ya matairi, mpaka ikawa TP Mazembe ya leo, Kunguru wa jezi nyeusi na nyeupe. Nyingine ni FC Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, inayovaa njano na buluu na kubeba jina la mtakatifu msimamizi wa wafua vyuma.

Lupopo ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2002. Baada ya hapo kombe hilo halikurudi kwetu kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo hiyo jirani zetu walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, juu ya makombe yao ya zamani ya 1967 na 1968, kisha wakaongeza Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017. Hebu fikirini maana ya kuishi miaka hiyo katika mji huu ukiwa mtu wa njano na buluu: kazini mwenzako amekuja na skafu nyeusi na nyeupe, shuleni mtoto wako anachekwa, usiku magari yanapiga honi chini ya dirisha lako kwa furaha isiyo yako. Kuhama kulikuwa rahisi sana, maana kulihitaji fulana moja tu ya sokoni. Watu wetu walio wengi hawakuhama. Na miongoni mwa hao wasiohama, ninaowajua kwa sura na kwa majina, wapo ambao hawajakanyaga uwanjani kwa miaka mingi, kwa sababu mechi nyingi za ligi huchezwa alasiri, hata siku za kazi, na mtu anayeuza unga sokoni au anayelinda lango la kampuni hawezi kuondoka saa tisa ili akamfurahishe anayehesabu viti. Huyo nimwite mpita njia, ilhali kila ninapopita mbele ya meza yake ananiuliza matokeo kabla hata ya kunisalimia?

Ndugu zetu wa Kamalondo, mtaa wa Mazembe, nawauliza swali lao. Siku kubwa kuliko zote katika historia ya mpira wa mji huu haikuchezwa hapa. Ilichezwa Abu Dhabi, Desemba 2010, Mazembe ilipoitoa Pachuca ya Meksiko, kisha tarehe 14 ikaifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Nakumbuka kipa Robert Kidiaba akiketi chini na kurukaruka kwa makalio, na mimi, mtu wa Lupopo, nikicheka peke yangu kwa furaha niliyoona haya kuikiri. Tarehe 18 Inter ya Milano iliwafunga 3-0, lakini hilo halikupunguza kitu. Je, watu wangapi wa Kamalondo walikuwa kwenye majukwaa ya Abu Dhabi? Karibu wote walikuwa hapa, mbele ya televisheni ya nyumbani au ya nganda, yaani baa, au wamesimama dirishani kwa jirani mwenye jenereta. Kama tike ndiyo kipimo, basi siku ile Mazembe haikuwa na mashabiki. Nani atathubutu kusema hivyo?

Wa Kamalondo anajibu

Yaya wa Katuba, kaka yangu mkubwa, nakushukuru kwa namna ulivyoizungumzia timu yetu, maana si kila mtu wa Lupopo angekiri kicheko kile. Hata hivyo sikubaliani nawe, na sababu yangu kubwa ni fainali nyingine, ile ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka mmoja kabla ya Abu Dhabi.

Mwaka 2009 tulikwenda Nigeria tukafungwa na Heartland mabao 2-1. Mechi ya marudiano ilichezwa hapa, katika uwanja huo huo wa Kibassa Maliba mliokuwa mkitoka Jumapili, na tulihitaji bao moja tu. Nilikuwa jukwaani. Muda ulikuwa ukiyeyuka, kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda mbali, wachezaji wetu walikuwa wamechoka, na kelele za watu zilikuwa hazikatiki hata kwa dakika moja. Ngoma na matarumbeta yalikuwa yakipokezana kana kwamba kunyamaza kungetuletea msiba. Kisha bao likapatikana, na mfungaji alikuwa mchezaji wa Heartland mwenyewe, aliyeutia mpira katika wavu wake. Tulishinda 1-0, jumla ikawa 2-2, na tukawa mabingwa kwa lile bao tulilofunga ugenini, maana wakati ule mabao yakilingana la ugenini ndilo lililoamua. Hakuna atakayenishawishi kwamba mguu wa yule beki haukutetemeshwa na sauti zetu. Aliyekuwa nyumbani na redio aliomba Mungu, na maombi yake nayaheshimu, lakini beki wa Heartland hakuyasikia.

Ndiyo maana nasema kuwa uwanjani ni sehemu ya mchezo wenyewe. Shabiki aliye jukwaani ana kazi, naye wa nyumbani anapokea tu matunda ya kazi hiyo.

La pili linaniuma zaidi. Tangu mwaka 2011 tuna uwanja wetu wenyewe hapa Kamalondo, wenye nafasi ya watu wapatao 18,000 na nyasi bandia, jambo ambalo klabu nyingi za Afrika zinaliota tu. Siku ya mechi kubwa ya bara hapana pa kuweka mguu. Lakini njoo siku ya kawaida ya ligi, tunapocheza na timu ndogo: naona safu nzima za viti vitupu, na nikitoka nje nakuta nganda zimejaa vijana wanaotazama Real Madrid na Barcelona. Chupa mbili za bia anazokunywa kijana mmoja pale zingemlipia kiingilio cha jukwaa la bei ya chini, naye ndiye wa kwanza kuniambia kwamba maisha ni magumu. Anawajua wachezaji wote wa akiba wa Madrid, lakini muulize jina la beki wetu wa kushoto atakutazama tu. Yaya, huyo naye tumwite mwaminifu kwa kuwa ana fulana nyeusi na nyeupe kabatini? Mji huu uliwapokea Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu kutoka Tanzania, na Samatta alipotangazwa mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika, Dar es Salaam ilishangilia pamoja nasi. Wageni wanaiona thamani ya kilicho hapa, na mtoto wa mtaa unaopakana na uwanja anakipa kisogo.

Wa Ruashi anaongeza

Baba zangu na kaka zangu, nimesoma yote na naona mnabishana kana kwamba kila mtu anayebaki nyumbani amechagua kubaki. Mimi ni mwanamke wa mtaa wa Ruashi, naipenda Mazembe tangu utoto, na uwanjani nimeingia mara tatu maishani mwangu. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, timu yangu ilipocheza na V.Club, timu ya mji huo, vurugu zilizuka, mabomu ya machozi yakarushwa, watu wakakanyagana, na 15 wakapoteza maisha. Wale walikuwa wamekata tike. Tangu siku ile mama yangu hakunizuia kwa maneno. Alikuwa akikaa mlangoni tu mpaka nirudi, na mimi nikaacha kwenda kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, mechi inapokwisha giza linakaribia, magari ya kurudi Ruashi yanagombaniwa kwa nguvu za mabega, na mwanamke peke yake katika msongamano ule anaguswa na kutukanwa na watu wanaovaa rangi ile ile aliyovaa yeye.

Kaka wa Kamalondo, umewataja vijana wa nganda. Wataje pia wale mama wanaouza karanga, mayai na maji nje ya ukuta wa uwanja wako. Wako pale kila mechi, mvua na jua, kuliko wewe na mimi. Hawaoni hata pasi moja, lakini kwa mlio wa watu wanajua kama ni bao, kama ni mpira uliogonga mwamba, au kama mwamuzi amekataa penalti. Mnawaweka upande upi wa hesabu yenu?

Wa Katuba anarudi

Dada wa Ruashi, sikuwa na jibu nilipokusoma, na sitajifanya kwamba ninalo. Nimekwenda uwanjani tangu nikiwa mtoto begani mwa baba, na sijawahi kujiuliza dada zangu wangerudije nyumbani jioni. Kama klabu zetu mbili zinataka majukwaa yajae, zianze hapo: milango mipana iliyo wazi kabla mechi haijaisha, walinzi wanaojua kumhudumia mtu badala ya kumsukuma, na magari yanayosubiri kuelekea Ruashi, Katuba na Kampemba. Hayo yanagharimu pungufu ya mshahara wa mchezaji mmoja wa kigeni anayekaa benchi.

Mdogo wangu wa Kamalondo, kuhusu kijana wa nganda umenishinda. Niliwatetea wasioweza kuja, nikawafunika kwa shuka moja na wasiotaka kuja. Mwenye fedha ya bia mbili na saa mbili za nafasi, anayeishi mwendo wa dakika kumi kutoka uwanjani, lakini anangoja fainali ndipo avae fulana, huyo sitamtetea tena, awe wenu au wetu. Tena nakubali kwamba kelele za mwaka 2009 zilikuwa na kazi. Nilizisikia mpaka Katuba.

Pamoja na hayo kuna jambo umelipita, na ndilo hasa linalonifanya nishikilie hoja yangu. Wazee wetu wanaposema tike ni uaminifu, wana picha ya timu inayokula kwa jasho la mashabiki wake. Timu yako haiishi hivyo. Tangu mwaka 1997 inaongozwa na mfanyabiashara Moïse Katumbi, na ni fedha zake, zaidi ya fedha za mlangoni, zilizoweza kuleta wachezaji kutoka Zambia, Tanzania na Ghana na kuwabakiza hapa. Kwetu nako, mwaka wa neema umekuwa mwaka wa mwenyekiti mwenye mfuko, na mwaka wa njaa umekuwa mwaka aliokasirika akaondoka. Silisemi kwa kulaumu, maana bila watu hao mji usingeona hata nusu ya ulichoona. Lakini katika mpira wa namna hii tike yangu hailishi mchezaji hata kwa siku moja. Inaninunulia sauti, basi. Ninapokuwa jukwaani naweza kumwimbia mchezaji, naweza kumzomea kiongozi, naweza kunyamaza kwa pamoja na watu elfu kumi mpaka mwenyekiti ageuze shingo. Mwuza unga wangu hana sauti hiyo. Ndiyo sababu najiona nina deni kwake ninapokwenda, badala ya yeye kuwa na deni kwangu anapokosa.

Siku mwenyekiti atakapoondoka tena, na siku hiyo tumeiona zaidi ya mara moja, fundi wa reli aliyestaafu na mwuza unga ndio watakaobaki wakiitaja Lupopo kila asubuhi, na watoto wao watalipokea jina hilo bila kuulizwa kama baba aliwahi kuketi jukwaani.

Nilipoandika mara ya kwanza nilisema uaminifu haupimwi mlangoni. Sentensi hiyo naibakiza kwa mwuza unga, kwa dada wa Ruashi na kwa wale mama wa nje ya ukuta. Kwa kijana wa nganda naifuta. Yule mzee wa Jumapili nimempigia simu jana, nikamwomba radhi kwa sauti yangu, si kwa maneno yangu. Amesema wiki ijayo atalipa tike mbili za ziada, na kwamba mimi ndiye nitakayetafuta watu wa kuzitumia. Nimeanza na mwuza unga. Anasema atakuja mechi ikipangwa Jumapili.